Mji unawezaje kukataa kuisaidia serikali kuu kuwasaka wahamiaji? Swali kutoka Lamu kuhusu Chicago

Mwalimu wa Mkomani (Lamu)

Assalamu alaikum ndugu zangu. Mtoto wa mamangu mdogo anaishi Chicago, na tangu Septemba 2025, serikali ya Marekani ilipotangaza msako mkubwa wa wahamiaji katika mji ule na vitongoji vyake, jamaa zake hapa Mkomani hawalali mpaka wapate ujumbe kwamba amefika nyumbani salama. Yeye ana kibali cha ukaaji. Hata hivyo anasema kwamba katika mtaa wake watu walisimamishwa barabarani na maofisa waliofunika nyuso, na kwamba majirani, wakiwemo wazaliwa wa Marekani wasio na hofu yoyote ya kufukuzwa nchini, walikuwa wakitoka na vipenga shingoni ili kuwapa wenzao tahadhari.

Habari hizi zimefika darasani kwangu, na wanafunzi wa kidato cha nne wameniuliza maswali ambayo sitaki kuyajibu kwa kubahatisha. Kwanza, meya na gavana wanawezaje kuwaambia polisi wao wasiwasaidie maofisa wa serikali kuu, bila ya wao wenyewe kushtakiwa kwa kuvunja sheria? Pili, je, vipenga na simu za kurekodi video vina faida yoyote zaidi ya kuwaliwaza watu? Tatu, majaji walitoa amri nyingi katika miezi ile. Zilitiiwa, au zilibaki karatasi?

Kwa vijana wa visiwa hivi jambo hili si la mbali. Wengi wao, hasa Wabajuni, wamekulia katika nyumba ambazo kijana aliyezaliwa Faza au Kizingitini alipigwa msasa na kamati baada ya kamati kabla ya kupewa kitambulisho, kana kwamba ni mgeni katika kisiwa cha babu yake. Ndiyo maana wanauliza kwa uchungu, nami nawaombea majibu kamili.

Wakili wa Barani (Malindi)

Wa alaikumu salaam, Mwalimu. Nianze na swali la kwanza, kwa sababu wengi wetu hupotoka hapo kwa kuipima Marekani kwa kipimo cha kaunti zetu. Katika Katiba yetu ya 2010 polisi ni chombo cha taifa, uhamiaji ni kazi ya serikali ya taifa, na gavana wa Lamu au wa Kilifi hana askari polisi hata mmoja wa kumwamuru. Kule, polisi wa Chicago wameajiriwa na Chicago, wanalipwa kutoka hazina ya Chicago, na mkuu wao huteuliwa na meya. Kwa hiyo mji unaposema kwamba polisi wake hawatashiriki katika msako, unasema juu ya watu wake wenyewe na fedha zake wenyewe.

Msingi wa kisheria ni Marekebisho ya Kumi ya Katiba ya Marekani, yanayoyaachia majimbo na wananchi mamlaka yote ambayo Katiba haikuipa serikali kuu. Kutokana na hayo, mwaka 1997, katika kesi iitwayo Printz, Mahakama ya Upeo ya nchi ile iliamua kwamba serikali kuu haiwezi kuwashurutisha maofisa wa majimbo na miji kuitekelezea mipango yake. Wanafunzi wako wanapaswa kujua kwamba kesi hiyo haikuhusu wahamiaji hata kidogo. Walioishtaki serikali walikuwa sherifu (yaani mkuu wa polisi wa kaunti) mmoja wa Montana na mwenzake wa Arizona, waliokataa kulazimishwa kuchunguza rekodi za wanunuzi wa bunduki, na aliyeandika uamuzi alikuwa Antonin Scalia, jaji aliyependwa mno na wahafidhina. Kanuni iliyomlinda sherifu wa mashambani asiyetaka udhibiti wa bunduki ndiyo hiyo hiyo inayomlinda leo meya wa mji mkubwa asiyetaka polisi wake wawe wasaidizi wa idara ya uhamiaji. Mimi naiona hiyo kuwa heshima kubwa ya sheria, kwamba haiulizi kwanza ni nani aliyekuja kujikinga nyuma yake.

Wala Chicago haikuanza jana. Meya Harold Washington alitoa agizo la namna hiyo mwaka 1985, baraza la mji likapitisha sheria yake ya kuwakaribisha wahamiaji mwaka 2012, na mwaka 2017 jimbo zima la Illinois likapata sheria inayowazuia polisi kumshikilia mtu kwa sababu ya uhamiaji peke yake. Aliyeitia saini hiyo ya jimbo ni Gavana Bruce Rauner, mtu wa chama cha Republican. Serikali ya Rais Trump ilizishtaki Illinois na Chicago mapema mwaka 2025 ikitaka sheria hizo zifutwe, na tarehe 25 Julai 2025 Jaji Lindsay Jenkins akaitupa kesi hiyo. Msako wa Septemba ulipoanza, basi, sheria hizo zilikuwa zimekwisha kupimwa mahakamani katika utawala huu huu.

Lakini tusiwaahidi vijana zaidi ya kilichopo. Mji umepewa haki ya kutotoa mkono wake. Haukupewa haki ya kuushika mkono wa serikali kuu. Maofisa wa ICE, yaani idara inayotekeleza sheria za uhamiaji na forodha, pamoja na wale wa doria ya mpakani, wanaweza kufanya kazi katika mtaa wowote wa Chicago bila ya idhini ya meya, na polisi wa mji wakijaribu kuwazuia kwa nguvu watakuwa wamevunja sheria. Meya Brandon Johnson alipotoa agizo mwezi wa Oktoba, alikataza tu viwanja na maegesho ya magari yanayomilikiwa na mji yasitumiwe kuwa vituo vya kuandalia misako. Alisimama pale pale ambapo mamlaka yake yanaishia.

Mmalindi wa Chicago

Nawasalimu nyote kutoka upande wa kaskazini wa mji huu, ambako nimeishi miaka mingi baada ya kuondoka Malindi. Nitalijibu swali la vipenga kwa urefu kidogo, kwa kuwa linachukuliwa kwa wepesi mno hata na watu wa hapa.

Utaratibu ulienea kutoka mtaa hadi mtaa, hasa Little Village na Pilsen, ambako Wamexico ni wengi, hadi huku Rogers Park, ambako utamkuta Mnigeria, Mpakistani na Mguatemala katika ngazi moja ya nyumba za kupanga. Mlio mfupi mfupi unaokatika ulikuwa na maana kwamba maofisa wameonekana karibu. Mlio mrefu usiokatika ulikuwa na maana kwamba kuna mtu anayekamatwa sasa hivi, na wanaoweza wafike. Asiyekuwa na karatasi alisikia akabaki ndani na mlango wake ameufunga. Mwenye uraia alisikia akatoka. Watu wawili walisikia mlio mmoja na kila mmoja alijua wajibu wake, na hapo ndipo ilipokuwa faida ya kwanza.

Mlango wenyewe una somo lake. Maofisa wa uhamiaji huja mara nyingi na hati iliyotiwa saini na ofisa mwenzao wa idara, na hati ya namna hiyo haiwapi ruhusa ya kuingia nyumbani kwa mtu bila ya ridhaa yake. Hati inayofungua mlango ni ile iliyotiwa saini na jaji, yenye jina la mahakama juu yake na anwani sahihi. Vyama vya kutetea wahamiaji vilifundisha jambo hili makanisani, misikitini, katika maktaba na katika vyumba vya kufulia nguo, kwa Kihispania, Kiarabu, Kipolandi na lugha nyingine, mpaka ikawa hata mtoto wa darasa la tano anaweza kukuambia umwombe ofisa aipitishe hati chini ya mlango uisome kwanza.

Wale waliotoka nje walifundishwa pia. Simama kando, usimguse ofisa, usizuie gari, rekodi mikono na nyuso, tamka kwa sauti saa na jina la barabara, soma namba ya gari, na kabla ya yote mwulize anayechukuliwa jina lake kamili na namba ya simu ya jamaa yake. Kisha piga simu ya dharura. Muungano wa Illinois wa haki za wahamiaji na wakimbizi ulikuwa na namba yake, ambayo watu waliopata mafunzo waliipokea na kuzithibitisha habari kabla ya kuzisambaza, kwa sababu uvumi wa uongo unaweza kuutia mtaa mzima hofu na kuwakosesha watu kazi ya siku nzima. Kazi hiyo ya kuthibitisha haionekani katika picha za magazeti, nayo ilikuwa nusu ya mapambano.

Yalikuwepo na mengine ya kila siku. Wazazi na walimu walijipanga kwenye njia za shule asubuhi na wakati wa kutoka, wakiwasindikiza watoto ambao baba na mama zao waliogopa kutoka. Wauzaji wa tamale (chakula cha Kimexico) za mtaani, ambao hawawezi kujificha kwa sababu riziki yao iko kando ya barabara, waliuziwa mzigo wote mapema na watu waliochangishana fedha, wakarudi nyumbani, na chakula chenyewe kikapelekwa kwa wenye njaa. Mtu aliyelelewa katika mitaa ya pwani, ambako jirani hupelekewa sahani kabla hajaomba, anayaelewa haya bila ya kufafanuliwa.

Ninakiri kwa huzuni kwamba yote haya hayakuwazuia maelfu kukamatwa, na kwamba mwezi huo huo wa Septemba, huko Franklin Park, kitongoji cha Chicago, ofisa alimpiga risasi na kumwua baba mmoja wa Kimexico aliyekuwa ndiyo kwanza amewapeleka watoto wake shuleni. Asiwaambie mtu kwamba kipenga kilimshinda mwenye bunduki.

Mzee wa Langoni (Lamu)

Nimesoma kwa makini, wanangu, na nina shaka moja ambayo nataka wakili aijibu kwa uwazi. Mahakama huamua baada ya mtu kuchukuliwa, na mara nyingine anayeamuliwa hugeuka akatafuta njia nyingine.

Sisi Wakenya tuna ushahidi wetu. Mwezi wa Julai 2013 Mahakama Kuu, katika kesi iliyoletwa na Kituo cha Sheria, shirika la msaada wa kisheria, iliifuta amri ya kuwahamisha wakimbizi wote wa mijini kuwapeleka kambini Dadaab na Kakuma. Ulikuwa uamuzi mzuri, ulioandikwa kwa ufasaha na Jaji David Majanja. Hata mwaka haukupita. Aprili 2014 ukaja msako wa Usalama Watch, mtaa wa Eastleigh jijini Nairobi ukazingirwa, na maelfu ya watu, wengi wao Wasomali na wakiwemo wenye vitambulisho vya Kenya, wakapelekwa uwanja wa Kasarani na kushikiliwa huko. Jamaa walisimama nje ya uwanja wasijue nani yuko ndani. Februari 2015 majaji watano walikifuta kifungu cha sheria kilichotaka kuweka kikomo cha wakimbizi 150,000 kwa nchi nzima, na Februari 2017 Jaji John Mativo akazuia kufungwa kwa Dadaab, kwa hiyo sisemi kwamba mahakama zetu hazikufanya kazi. Ninasema kwamba waliopakiwa katika malori Aprili ile hawakufaidika na hukumu ya Julai iliyotangulia.

Na kuna tofauti inayoniuma nikisoma habari za huyu kijana wetu wa Malindi. Eastleigh ilipozingirwa, waliopiga kelele walikuwa zaidi Wasomali wenyewe, viongozi wa Kiislamu, na vyama vichache vya haki za binadamu. Mitaa ya jirani ilikaa kimya, na wako walioshangilia. Sikusikia mtaa wa Wakenya wa kabila nyingine uliotoka kwa wingi kwa ajili ya jirani Msomali.

Wakili wa Barani (Malindi)

Shikamoo mzee wangu. Shaka yako ina haki, na jibu la kweli si zuri upande wote.

Kwanza nitaje amri zilizovunjika au kupunguzwa nguvu. Los Angeles ilitangulia kupata msako mwezi wa Juni 2025, na tarehe 11 Julai Jaji Maame Frimpong aliwakataza maofisa kuwasimamisha watu kwa kutegemea tu sura au kabila, lugha, mahali walipo na aina ya kazi wanayofanya. Tarehe 8 Septemba Mahakama ya Upeo iliisimamisha amri hiyo. Chicago nayo, Jaji Sara Ellis aliwawekea maofisa mipaka ya kutumia gesi ya machozi na nguvu dhidi ya waandamanaji, waandishi wa habari na viongozi wa dini, lakini mahakama ya rufaa ikaisimamisha amri yake mwezi wa Novemba, ikisema kwamba ilikuwa pana kupita kiasi.

Pamoja na hayo, mzee, ninakuomba utazame kilichobaki hata baada ya amri ile kusimamishwa. Jaji Ellis aliandika maelezo ya zaidi ya kurasa 200, akilinganisha taarifa za maofisa na picha za kamera walizovaa wao wenyewe, video za wakazi na ushahidi wa mashahidi waliokula kiapo. Kamanda Gregory Bovino wa doria ya mpakani alikuwa amedai kwamba alipigwa jiwe kabla ya kurusha gesi kule Little Village. Jaji alizitazama picha akaandika kwamba dai hilo halikuwa la kweli. Mtu aliyesimama kando akarekodi bila ya kumgusa yeyote, kama alivyoeleza ndugu yetu, ndiye aliyempa jaji cha kushika mkononi. Bila ya huyo, lingekuwa neno la ofisa dhidi ya neno la mtu anayelia kwa moshi.

Zipo pia amri zilizosimama. Rais alipotaka kupeleka Walinzi wa Taifa, yaani askari wa akiba wa majimbo, Chicago, Jaji April Perry alizuia tarehe 9 Oktoba, baada ya kueleza kwamba hakuyaamini maelezo ya serikali kuhusu ghasia zilizodaiwa. Serikali ilipanda hadi Mahakama ya Upeo, nayo tarehe 23 Desemba 2025 ikakataa kuiondoa amri hiyo. Siku chache baadaye rais akatangaza kuwaondoa walinzi hao katika miji kadhaa. Mahakama hiyo hiyo iliyowaangusha watu wa Los Angeles mwezi wa Septemba iliwasikiliza watu wa Illinois mwezi wa Desemba, ikisema kwamba serikali haikuonyesha mamlaka yoyote ya kulitumia jeshi kutekeleza sheria Illinois.

Na kuna kesi moja ambayo haikupata sifa inayostahili. Sheria ya Marekani inamruhusu ofisa wa uhamiaji kumkamata mtu bila ya hati pale tu anapokuwa na sababu ya kuamini kwamba mtu huyo atatoroka kabla hati haijapatikana. Baada ya misako ya mwaka 2018 katika eneo la Chicago, wanasheria walifungua kesi ya kundi juu ya kanuni hiyo, na mwaka 2022 ICE ikakubali mapatano yaliyothibitishwa na mahakama. Oktoba 2025 Jaji Jeffrey Cummings alikuta kwamba mapatano hayo yamekiukwa, akayaongezea muda. Walioandaa ngao hiyo waliiandaa miaka saba kabla, wakati hapakuwa na kamera wala umati. Watu wa Lamu mnajua kazi ya namna hii: leseni ya kiwanda cha makaa ya mawe ilifutwa mwaka 2019, na ilikuwa Oktoba 2025 ndipo mahakama ya mazingira na ardhi hapa Malindi ilipoikataa rufaa ya kampuni.

Kuhusu ukimya wa majirani wa Eastleigh, mzee, sina jibu la kisheria. Nakubaliana nawe, na naona aibu.

Mwalimu wa Mkomani (Lamu)

Mungu awalipe. Nitawasomea wanafunzi haya kama yalivyo, pamoja na shaka ya mzee. Limebaki jambo moja la vitendo, ambalo dada yangu wa Chicago ameniomba nilitafutie jibu kwa ajili ya jirani yake asiye na kibali: mtu akishachukuliwa, jamaa wakimbilie mahakama ipi, na kuna haraka kiasi gani?

Wakili wa Barani (Malindi)

Kuna haraka kubwa, na ni vyema jirani huyo aelezwe leo, akiwa bado nyumbani kwake.

Majaji wa uhamiaji kule si sehemu ya mhimili wa mahakama. Ni waajiriwa wa wizara ya sheria. Septemba 2025 bodi ya rufaa iliyo juu yao iliamua kwamba watu walioingia nchini bila ya kukaguliwa mpakani hawana haki ya kuombewa dhamana mbele ya majaji hao, hata kama wameishi kule miaka ishirini. Ndipo wanasheria wakaugeukia mlango wa zamani kuliko yote, yaani ombi kwa mahakama ya shirikisho (ya serikali kuu) kwamba anayemshikilia mtu aeleze kwa sheria gani anamshikilia. Majaji wengi wa mahakama hizo, ambazo kila moja ina wilaya yake, waliukataa ufafanuzi wa bodi hiyo na kuamuru watu wasikilizwe kuhusu dhamana au waachiliwe.

Ombi hilo, hata hivyo, hupelekwa katika wilaya ambamo mtu anashikiliwa saa ya kulifungua. Waliokamatwa Chicago walipelekwa kwanza katika kituo cha Broadview, nje kidogo ya mji, na kutoka hapo wengi walihamishwa kwenda majimbo mengine. Wakili akiliwasilisha ombi mtu angali Illinois, mahakama ya Chicago huendelea nalo hata akihamishwa baadaye. Akichelewa, itabidi aanze upya Texas au Louisiana.

Mmalindi wa Chicago

Niongezee hapo, dada Mwalimu. Jirani huyo aandike kwenye karatasi jina lake kama lilivyo kwenye pasipoti, tarehe na nchi ya kuzaliwa, namba yake ya usajili wa wageni inayoanza na herufi A ikiwa anayo, dawa anazotumia, na jina la wakili. Nakala moja abaki nayo mtu mwenye uraia anayeishi karibu naye. Wakili ataomba jina kamili na mahali alipochukuliwa kabla ya kitu kingine chochote, na mara nyingi anayevijua vyote viwili ni yule aliyekuwa barabarani na kipenga.